Windows, Mac au Linux? Somo kwa Wanaotaka Kufungua Studio ya Kurekodia Kimulot

Bonasi ya majani chai inapoingia mwezi Oktoba, maduka ya kompyuta ya Litein, Kericho na mjini Bomet hupata wateja wa aina mpya. Zamani bonasi ilikuwa ya mabati, ng'ombe wa maziwa na karo ya shule. Siku hizi kuna kijana anayemwomba mzazi wake, au kwaya inayochanga fedha, ili inunuliwe kompyuta ya kurekodia nyimbo. Swali la kwanza linaloulizwa dukani huwa lile lile: Windows, Mac au Linux?

Ni swali halali, ila kwa mtu wa Kimulot linafaa kuwa la tatu au la nne. Anayelitanguliza hujikuta na mashine ya bei kali isiyoweza kurekodi wimbo mmoja bila kukwaruza, ilhali fedha za maikrofoni zimekwisha. Fedha zenyewe ni jasho la mwaka mzima la mtu aliyechuma majani kwenye umande, kwa hivyo kosa la dukani si dogo.

Somo hili linaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa. Limeandikwa kwa wenye studio ndogo, kwaya za makanisa, walimu wa muziki wa shule na vikundi vinavyotaka kuhifadhi nyimbo za wazee.

Kumbukumbu ya Kapkatet

Eneo hili lina historia ya kurekodiwa. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis akirekodi nyimbo zao. Kapkatet, ng'ambo ya mpaka wetu katika Kaunti ya Kericho, ndiko ulikorekodiwa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha, ambao jina lake linatokana na mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyesikika hapa kupitia santuri. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954 huko Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile, zilirudishwa kwa jamii na familia za waliorekodiwa, kwa ushirikiano wa ILAM, Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells.

Yafaa kufikiria kilichowezesha jambo hilo. Rekodi hazikufungwa ndani ya mashine moja wala kampuni moja. Zilikuwa sauti tupu kwenye chombo ambacho mtu mwingine, akiwa na mashine nyingine, angeweza kukisoma na kukihamishia kwenye faili la kidijitali. Wimbo wa kogo utakaorekodiwa Kimulot mwaka huu nao uweze kufunguka miaka 60 ijayo, wakati kompyuta iliyoutia ndani itakuwa imekwisha kuwa chuma chakavu. Mfumo wa kompyuta ni chombo cha kupitia tu. Anayeelewa hilo hatagombana sana juu ya Windows na Mac.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Studio ya mtu mmoja anayetunga midundo kwenye kompyuta na kuimba juu yake haihitaji mengi. Hurekodi maikrofoni moja au mbili kwa wakati mmoja. Laptopu yoyote ya miaka ya karibuni yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD inatosha, na RAM ya 16 inatosha zaidi kama anatumia vinanda vingi vya ndani ya kompyuta, kwa kuwa hivyo hupakia sauti zake kwenye RAM.

Kwaya ni jambo jingine. Kwaya ya watu 30 yenye kinanda, gitaa la besi na ngoma huhitaji maikrofoni sita au nane kwa pamoja, kila moja kwenye traki yake, ili fundi aweze baadaye kupandisha sauti ya tatu bila kupandisha ngoma. Hesabu yake ni rahisi. Traki moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kila sekunde hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Traki nane hula takriban megabaiti 69 kwa dakika, yaani gigabaiti 4 na kidogo kwa saa. Diski ya gigabaiti 256 ambayo nusu yake imeshikwa na mfumo na programu hubaki na nafasi ya saa 30 hivi. Hiyo ni kwaya moja ikirekodi kwa wikendi chache, kwa sababu nyimbo hurudiwa mara tano, na hakuna anayekubali kufuta jaribio la tatu.

Diski ya kizamani inayozunguka inaweza kuandika traki nane bila shida ikiwa mpya. Ikiwa imechoka, au imejaa, au programu nyingine inaisoma wakati huo huo, rekodi husimama katikati ya ubeti. Hapo SSD hulipa gharama yake mara moja. Mnunuzi mwenye fedha kidogo afadhali achukue laptopu ya zamani yenye SSD kuliko ya juzi yenye diski inayozunguka.

Kazi ya tatu ni ya kwenda nyumbani kwa mzee anayepiga chepkong'. Hapo jambo kubwa ni betri. Maikrofoni ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi, na saundikadi ndogo hupata umeme wake kupitia waya wa USB, yaani kutoka betri ya laptopu. Betri ya laptopu ya mtumba ambayo muuzaji anasema inakaa saa tatu inaweza kuisha kwa saa moja na nusu ikifanya kazi hiyo. Kwa kazi hii pekee, kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye kadi ya kumbukumbu hushinda kompyuta za aina zote tatu. Muuzaji wa kompyuta hatalisema hilo.

Saundikadi ndiyo roho ya studio

Tundu la hedifoni na maikrofoni lililo ubavuni mwa laptopu si la kazi hii. Kinachobadilisha sauti ya mwimbaji kuwa tarakimu ni saundikadi ya nje, kile kisanduku cha USB chenye matundu ya maikrofoni na vifundo vya kuongeza sauti. Kisanduku hicho ndicho kinachopaswa kuchaguliwa kwanza, kisha kompyuta ichaguliwe ya kukifaa. Mifumo mitatu hutofautiana hasa katika namna inavyozungumza nacho.

Hapa ndipo linapoingia tatizo ambalo kila mwimbaji wa studio analijua hata kama halijui jina lake: anaimba, kisha anajisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa, kama mwangwi wa bonde. Kompyuta haishughulikii sampuli moja moja. Huzikusanya kwenye ghala dogo liitwalo bafa, kisha huzifanyia kazi kwa pamoja. Bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 huchelewesha sauti kwa milisekunde 2.7. Bafa ya 1,024 huichelewesha kwa milisekunde 21, na hiyo ni safari ya upande mmoja. Kuingia na kutoka ni mara mbili yake na zaidi. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo milisekunde 3 ni kama kusimama mita moja kutoka kwa mpiga gitaa, na milisekunde 40 ni kama kumsikiliza akiwa mita 14, mwisho wa ukumbi. Hakuna awezaye kushika mdundo namna hiyo.

Bafa ikipunguzwa mno, nayo kompyuta dhaifu hushindwa kuwahi, na hapo husikika mikwaruzo na milio ya "tk, tk" ambayo haiondoki tena kwenye rekodi. Watu wengi hununua kompyuta kubwa zaidi kwa sababu ya tatizo hili. Mara nyingi hawakuhitaji. Saundikadi nyingi, hata za bei ya chini, zina kitufe au kifundo cha kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Kikiwashwa, bafa inaweza kuachwa kubwa, kompyuta ikapumua, na mwimbaji asisikie kuchelewa kokote. Kompyuta yenye nguvu inahitajika pale tu mtu anapopiga kinanda cha ndani ya kompyuta, au anapotaka kujisikia akiwa tayari ametiwa mwangwi na rekebisho la sauti.

Windows: ndiyo iliyopo

Ukweli wa soko letu ni kwamba kompyuta nyingi zinazopatikana ni laptopu za mtumba kutoka ofisi za ng'ambo, zile watu wanaziita ex-UK: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zinakuja na Windows. Ni imara, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ili kuongezwa RAM au kubadilishiwa diski. Fundi wa Litein anazijua, na kibodi yake ikifa kuna nyingine kwenye rafu. Kwa mtu aliye mbali na Nairobi, sifa hiyo ni kubwa kuliko zote. Mashine isiyoweza kutengenezwa karibu huwa imefika mwisho wake siku ya kwanza kuharibika.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu nyingi za mtumba ni za kizazi cha sita na cha saba. Kizazi hutambulika kwa kusoma namba ya prosesa: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya nane. Kwa kawaida tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo ya kuangalia, na ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i5-10310U, basi ni mbili za kwanza, yaani kizazi cha kumi. Neno "i5" au "i7" lililobandikwa kwenye laptopu halisemi lolote kuhusu umri wake. Kuna i7 za kale ambazo i5 ya kizazi cha nane huziacha mbali.

Hii haimaanishi laptopu ya kizazi cha sita ni takataka. Kompyuta ya kurekodi isiyounganishwa na intaneti itaendelea kurekodi kwa Windows 10 kama jana. Bali bei yake lazima ishuke kulingana na hali hiyo, na mnunuzi asikubali kuuzwa kana kwamba ni mashine ya miaka kumi ijayo.

Jambo la pili kuhusu Windows ni programu kiendeshi. Njia yake ya kawaida ya kupitisha sauti haikutengenezwa kwa ajili ya studio, na ndiyo maana kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilibuni ASIO mwaka wa 1997, njia ya mkato kati ya programu ya kurekodi na saundikadi. Hadi leo, saundikadi ya Windows ni nzuri kadiri kiendeshi chake cha ASIO kilivyo kizuri. Kabla ya kununua, ihakikishwe kwamba mtengenezaji wa saundikadi hiyo ana kiendeshi chake mwenyewe cha ASIO kwa toleo la Windows lililo kwenye laptopu. Ikiwa maelezo yanaelekeza mtu kutumia ASIO4ALL, ambayo ni kiraka cha jumla, ajue kwamba mtengenezaji hakutengeneza chake. Itafanya kazi, lakini kwa kwaya ya traki nane si ya kutegemea.

Na kabla ya kurekodi, intaneti izimwe. Windows hupenda kupakua masasisho yake wakati wowote, na wakati huo unaweza kuwa ule ambapo mwimbaji wa kwanza ameshika sauti yake vizuri.

Mac: nzuri, na ina mlango mmoja

Sifa za Mac katika kazi ya sauti si za uongo. Mfumo wake una Core Audio ndani yake tangu mwanzo, na saundikadi nyingi za USB hufanya kazi zikichomekwa tu. Programu ya GarageBand huja bila malipo na inatosha kwa mwanafunzi. Logic Pro, inayouzwa dola 199.99 kwa malipo ya mara moja, ni studio kamili. Tangu Novemba 2020 Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe, kuanzia M1, laptopu hizo zimekuwa na nguvu nyingi kwa umeme kidogo. MacBook Air ya M1 haina feni kabisa, na katika chumba kimoja ambamo kompyuta na mwimbaji wanakaa pamoja, ukimya huo ni mali.

Upungufu wake uko kwenye matengenezo na kwenye utegemezi. RAM ya Mac hizi haiongezwi baada ya kununua. Aliyechukua ya gigabaiti 8 atakaa nayo mpaka mwisho. Ikivunjika skrini, safari ni ya Nairobi. Na Mac za mtumba zenye prosesa za Intel, ambazo bei yake huvutia, ziko njiani kuachwa: Apple ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba macOS 26 ndilo toleo la mwisho kuzikubali.

Kampuni inayomiliki mashine na programu pia huamua nani aingie na nani atoke. Logic haikuanza kuwa ya Mac pekee. Ilitengenezwa na kampuni ya Emagic ya Ujerumani, na iliuzwa kwa watumiaji wa Windows pia. Mwaka wa 2002 Apple iliinunua Emagic na toleo la Windows likakoma. Wenye studio waliokuwa na kazi za miaka ndani yake walilazimika kuhamia Mac au kuanza upya na programu nyingine. Mwaka wa 2019 macOS Catalina nayo ilikataa programu zote za biti 32, na vifaa vingi vya sauti vya zamani vikazimika siku mtu alipobonyeza "sasisha". Fundi wa Mac mwenye busara huacha miezi kadhaa ipite kabla ya kupokea toleo jipya.

Linux: kwa mwenye subira

Linux haina bei, na kwa laptopu ile ya kizazi cha sita iliyoachwa na Windows 11 ni uhai mpya. Ubuntu Studio, ambayo imekuwapo tangu 2007, huja ikiwa tayari na programu za kurekodi, ikiwemo Ardour, ambayo inaweza kurekodi kwaya ya traki nane bila wasiwasi. Saundikadi zinazofuata kanuni ya kawaida ya USB hutambulika bila kiendeshi chochote. Mfululizo wa Focusrite Scarlett, kwa mfano, unajulikana kufanya kazi vizuri.

Ugumu ni mahali pengine. Programu maarufu kama Pro Tools, Cubase na FL Studio hazina toleo la Linux, na vinanda vingi vya kununua pia havina. Kijana anayetunga midundo kwa FL Studio atateseka bure. Mwalimu wa shule mwenye maabara ya kompyuta kuukuu, au kikundi kinachorekodi sauti halisi za watu na ala, watafaidi. Kitu kimoja tu kinahitajika kuwapo: mtu wa karibu anayeijua. Bila mtu huyo, tatizo dogo la Jumamosi hukaa mpaka mwezi ujao.

Kwa asiyetaka kujifunga, ipo Reaper. Huendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, inaweza kujaribiwa kwa siku 60, na leseni yake kwa mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Kazi iliyoanzwa kwenye laptopu ya Windows inaweza kufunguliwa kwenye Mac ya rafiki Kericho. Kwa studio changa inayojiuliza maswali ya somo hili, huo ndio mwanzo wa gharama ndogo na wa halali. Programu zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa kwenye flashi diski ni ukiukaji wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mara nyingi huja na virusi. Studio inayotaka kulindiwa nyimbo zake na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, haina uso wa kuomba hilo huku programu yake yenyewe ni ya wizi.

Mabati, mvua na umeme

Mifumo yote mitatu hushindwa na mvua ya Kimulot. Nyumba zetu ni za mabati, na mvua ya alasiri, achilia mbali ile ya mawe, hufuta kazi yoyote. Hakuna programu inayoweza kuitoa kwenye sauti ya mwimbaji bila kumharibu mwimbaji. Dari ya mbao au ya plaiwudi iliyojazwa matambara juu yake hupunguza, lakini haiondoi. Dawa ni saa. Asubuhi ndiyo kavu, ila asubuhi watu wako shambani na majani lazima yafike kituoni kupimwa. Kwa hivyo kwaya nyingi hubaki na Jumamosi au Jumapili, na saa chache tu kabla mawingu hayajakusanyika. Hii ndiyo sababu ya kutaka mashine isiyosumbua. Watu 30 wakishakusanyika, hawatakusanyika tena kesho eti kiendeshi kimekataa.

Blanketi nzito zilizotundikwa nyuma na kando ya mwimbaji huua mlio wa ukuta wa mabati au saruji. Katika chumba kisichotengenezwa, maikrofoni ya dainamiki iliyo karibu na mdomo hutoa sauti safi kuliko kondensa ya bei mara tatu, kwa sababu haisikii chumba sana. Laptopu yenye feni iwekwe upande wa nyuma wa maikrofoni, mbali kadiri waya unavyofika.

Umeme una mambo mawili. La kwanza ni mvumo wa hezi 50 unaosikika kwenye spika na rekodi pale ambapo waya wa ardhi wa nyumba haujawekwa vizuri. Laptopu ikichomolewa kwenye chaja wakati wa kurekodi, mvumo mara nyingi hutoweka. Ni jaribio lisilogharimu chochote. Ukitoweka, fundi wa umeme aitwe akague waya wa ardhi. La pili ni radi na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Laptopu ina betri yake, hivyo rekodi haipotei. Kompyuta ya mezani huhitaji UPS. Radi inapoanza kunguruma, vifaa vichomolewe ukutani, si kuzimwa tu swichi.

Jaribio la dukani

Anayeenda kununua asiende mikono mitupu. Abebe saundikadi yake, au ya kuazima, pamoja na maikrofoni, waya na hedifoni, na programu ya Reaper ikiwa kwenye flashi. Muuzaji mwaminifu hatakataa kifaa kichomekwe. Rekodi ya dakika 20 mfululizo, laptopu ikiwa haiko kwenye chaja, huonyesha mambo mengi kwa pamoja: kama betri ni hai, kama feni inapiga kelele mashine ikipata joto, kama tundu la USB limelegea, kama kuna mikwaruzo. Kisha rekodi hiyo isikilizwe yote, si dakika ya kwanza tu. Matundu ya USB yajaribiwe yote. Namba ya prosesa isomwe kwenye skrini ya mipangilio, isiaminiwe stika.

Bajeti nayo igawanywe kabla ya kutoka nyumbani. Studio iliyotumia theluthi mbili za fedha kwenye kompyuta itabaki na hedifoni za simu na maikrofoni ya karaoke, na msikilizaji wa redio hatajua kama ilirekodiwa kwa Mac. Kompyuta ikichukua chini ya nusu ya fedha zote, kuna uwezekano mkubwa wa kupata sauti nzuri.

Baada ya kurekodi

Faili la mradi la Logic halifunguki kwenye Cubase, wala la Cubase kwenye Ardour. Kwa hiyo kila wimbo ukikamilika, kila traki itolewe peke yake kama faili la WAV, zote zikianza sekunde ya sifuri, ili yeyote mwenye programu yoyote aziweke pamoja zikaoana. MP3 ni ya kutuma kwenye WhatsApp, si ya kuhifadhi. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta wakati radi inapiga si nakala ya pili.

Kwa nyimbo za jamii kuna wajibu wa ziada. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya mambo hayo, na inataka ridhaa ya jamii inayoyamiliki ipatikane kabla hayajatumiwa. Ridhaa hiyo inaweza kuwekwa mahali pasipopotea. Kabla ya wimbo kuanza, mzee aseme kwenye maikrofoni jina lake, kijiji chake, tarehe, wimbo ni wa nini na unaimbwa lini, na kama anakubali upigwe redioni au ubaki kwa familia. Tracey aliandika kadi kwa rekodi zake. Maelezo yaliyo ndani ya faili lenyewe hayawezi kutenganishwa na wimbo hata kompyuta ikibadilishwa mara kumi. Jina la faili nalo libebe mwaka, mahali na mwimbaji, kwa sababu diski yenye mafaili 200 yanayoitwa "Audio 01" haimsaidii mtu yeyote.